Jumatatu Ilikuwa Siku ya Kufua

Kila mwaka mabegi ya watoto wetu hapa Uingereza hurudi nyumbani na karatasi ileile: wiki ijayo shuleni ni siku ya enzi ya Malkia Victoria, tafadhali mtoto aje amevaa kizamani. Basi kundi letu la WhatsApp la akina mama wa Afrika Mashariki linawaka moto. Kofia nyeupe ya kitambaa inauzwa wapi? Aproni ya jikoni itafaa? Dada mmoja aliwahi kuuliza, kwa utani, kama anaweza kumvalisha mwanawe wa kiume gauni la dadake yakaisha. Tukacheka sana, lakini hakuwa mbali na ukweli. Wavulana wadogo wa enzi hizo walivalishwa magauni miaka yao ya mwanzo, na kuvishwa suruali ya kwanza lilikuwa jambo kubwa katika familia.

Mimi ni mwalimu msaidizi wa shule ya msingi, darasa la watoto wa miaka 5 hadi 7, na somo hili nalipenda kupita yote. Ila ugomvi wangu ni hizo nguo. Zinakula muda na pesa za wazazi, na zenyewe hazifundishi kitu. Mtoto anavishwa kofia, anapigwa picha, anarudi nyumbani akijua kwamba watu wa zamani walivaa kofia. Ukitaka aelewe nyumba ya wakati ule, mwonyeshe kazi. Nani aliamka wa kwanza? Nani aliteka maji? Nani alimwaga kilichokuwa kwenye chombo chini ya kitanda asubuhi?

Kwanza, lakini, lazima tushughulikie miaka. Victoria alirithi ufalme mwaka 1837 akiwa na miaka 18, akafariki Januari 1901. Kwa mtoto wa miaka 6, habari hiyo haina tofauti na habari za dainasori. Kwa hiyo nawasimamisha mstari mmoja: huyu ni wewe, huyu mama yako, huyu bibi, huyu mama yake bibi, twende hivyohivyo. Tukifika kwa mtoto wa sita hivi tumeshaingia kwenye utawala wa Victoria. Wanagombania nafasi ya bibi mzaa bibi, wanatembea wameinama na mkono kiunoni, darasa linakuwa soko. Sijali. Kelele zikiisha, wanakuwa wameona kwamba hao tunaowazungumzia ni watu waliozaana na watu, na idadi yao inatosha kusimama kwenye mstari mmoja mbele ya ubao.

Halafu tunafua.

Siku ya kufua ilikuwa Jumatatu. Haikuwa sheria, ilikuwa desturi, na desturi hiyo ilikwenda vizuri na jiko: familia iliyojiweza ilioka kipande kizuri cha nyama Jumapili, kilichobaki kikaliwa baridi kesho yake, siku ambayo hakuna mwenye nafasi ya kusimama jikoni. Nguo nyeupe zililowekwa tangu usiku. Alfajiri moto uliwashwa chini ya pipa la shaba lililojengewa kwa matofali kwenye kona, na nguo zikachemshwa humo na sabuni iliyokatwa vipande vyembamba kwa kisu. Zikitoka hapo ziliingia kwenye pipa lingine, na mtu akasimama juu yake na mti mrefu wenye mpini wa kushikia kwa mikono miwili na vijiguu chini, akauzungusha kushoto na kulia mpaka mabega yaseme. Kola na ncha za mikono ya mashati zilisuguliwa kwenye ubao wa mifereji. Suuza. Suuza tena. Kisha maji ya buluu, ili nguo nyeupe isigeuke manjano, kisha uwanga. Mwisho nguo zilipitishwa katikati ya magogo mawili ya mbao yanayozungushwa kwa mkono ili zikamuke. Zikianikwa, omba mvua isinyeshe, na huku kwa Waingereza hilo ni ombi zito. Jumanne ni pasi.

Wasomaji wangu wa umri fulani, wa Tanga na Mombasa, najua mmeshafika mbele yangu. Buluu na uwanga tumeviona kwa macho, na sabuni ya Sunlight tuliyotumwa dukani ilianza kuuzwa na William Lever mwaka 1884, Victoria akiwa bado yupo kwenye kiti. Kabla ya hapo sabuni ya nyumbani ilikuwa mche mrefu ambao muuza duka alikukatia kwa uzito, na mpaka 1853 serikali ya Uingereza iliitoza kodi. Fikiria hilo: kodi ya usafi, katika miji iliyofunikwa na moshi wa makaa ya mawe.

Darasani mti wa kuzungushia hatuna. Tuna makarai, mche wa sabuni, na soksi ambazo nimewaomba wazazi, kwa msisitizo, wasizifue. Ila nina sharti moja ambalo mwalimu wa darasa alilipinga mwanzoni kwa sababu ya sakafu: bomba la darasani limefungwa. Maji yanatoka mwisho wa uwanja wa michezo, kwa ndoo ndogo, watoto wawili kwa ndoo moja. Somo lote limo kwenye hiyo ndoo. Wanaondoka wakiruka, wanarudi kimya, viatu vimelowa, ndoo ikiwa nusu. Wakimaliza kufua soksi moja wanakuta maji yamekuwa meusi, na hapo ndipo nawaambia kwamba kuna kusuuza mara mbili. Nyuso zao wakati huo ni za kutazamwa.

Safari moja mvulana mmoja alitafakari, akasema dawa ni kuvaa shati moja wiki nzima. Wenzake wakasema litanuka na kola itaonekana chafu. Akasema basi kola ingekuwa inatoka peke yake. Huyo mtoto hajawahi kuona kola ya namna hiyo, lakini wanaume wa enzi ya Victoria walizivaa: kola na ncha za mikono zilifungwa kwa vifungo, zikafuliwa zenyewe, shati likapata kuvaliwa tena. Na aproni nyeupe ambayo wazazi wanaihangaikia ilivaliwa na wasichana kwa sababu hiyohiyo: kufua aproni ni rahisi kuliko kufua gauni la sufu. Mtoto aliyebeba ndoo anaelewa aproni ni ya nini. Ndiyo maana nasema tuanze na ndoo, nguo zije baadaye.

Kuhusu maji, nawaonyesha picha za Birmingham. Mjini pale zimebaki nyumba chache ambazo shirika la National Trust lilizifungua kwa wageni mwaka 2004, zilizopangwa kuzunguka ua mmoja. Zilijengwa mgongo kwa mgongo: nyumba moja inatazama barabara, nyingine inatazama uani, ukuta wa nyuma ni mmoja, kwa hiyo hewa haipiti. Familia zote zilishirikiana vyoo vya uani na chumba kimoja cha kufulia, kwa zamu. Birmingham ilikuwa na nyumba za aina hiyo kwa maelfu. Aliyekulia nyumba ya kupanga Ilala au Magomeni hahitaji maelezo marefu kuhusu siasa za ua mmoja na choo kimoja, nani kaacha ndoo ya nani wapi, lakini watoto wa kwangu kila mmoja kwao ana choo, wengine wana viwili, na wanashindwa kuamini kwamba usiku wa baridi mtu hakutoka nje. Alikitumia chombo chini ya kitanda. Asubuhi mtu mwingine alikitoa.

Habari za choo ndizo wanazozihadithia nyumbani jioni, kwa hiyo mzazi ukisikia, usishangae. Sizikatai. London mwaka 1858 mto Thames ulinuka vibaya wakati wa joto hata wabunge wakashindwa kukaa bungeni, na ndipo pesa zikapatikana haraka za mhandisi Joseph Bazalgette kujenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini. Mtoto wa miaka 6 anaelewa kabisa siasa ya namna hiyo: uvundo umewafikia wakubwa, basi umeondolewa.

Mwanga nautaja kwa kifupi tu. Tunashusha mapazia mchana, tunawasha mishumaa ya betri kwa sababu moto hauruhusiwi, wanajaribu kusoma. Nawaambia kwamba maskini walitumia mshumaa wa shahamu ya wanyama ulionuka, kwamba baadaye taa za mafuta zikaenea, na kwamba wenye uwezo mijini waliingiza gesi. Zoezi hili linapendwa na walimu kwa kuwa linaonekana vizuri kwenye picha za shule. Mimi naona kutafuta makaa kunafundisha zaidi. Jiko la chuma lililokula makaa ya mawe lilikuwa roho ya nyumba: lilipika, lilichemsha maji, lilipasha pasi, lilikausha nguo mvua ikinyesha. Lakini lilitaka kuhudumiwa. Kila asubuhi majivu yalitolewa, chuma kikapakwa dawa nyeusi na kusuguliwa kwa brashi mpaka king'ae, na ndipo moto mpya uwashwe. Nani alifanya hivyo?

Hapo ndipo namleta Hannah Cullwick. Alizaliwa Shropshire mwaka 1833, akaanza kazi za nyumba za watu akiwa bado mtoto mdogo, na tofauti na wengi wa aina yake aliandika shajara, kwa miaka mingi. Siku moja ya Julai 1860 ameiorodhesha kazi kwa kazi: amefungua madirisha, amewasha moto wa jikoni, amemwaga masizi, amefagia vyumba, amesafisha viatu, ametandika vitanda, amemwaga vyombo vya usiku, amesafisha visu, amepiga magoti kusugua ngazi za mlangoni. Inaendelea hivyo mpaka usiku. Sina haja ya kuongeza chumvi. Nasoma polepole, na watoto kila wakisikia kazi mpya wanakunja kidole. Vidole vinaisha mapema sana, wanaazima vya jirani.

Sensa ya Uingereza ya 1851 ilihesabu watumishi wa nyumbani takriban milioni moja, wengi wao wanawake na wasichana. Tamthilia za runinga zimetuzoesha kudhani wote waliishi kwenye majumba ya mabwana, wakiwa na mkuu wao aliyevaa koti jeusi. Walio wengi walikuwa peke yao, msichana mmoja katika nyumba ya muuza duka au karani, akifanya kila kitu.

Na hapa somo huwa linanigeukia. Watoto wa Kiingereza wanashangaa: miaka 12, anafanya kazi, analala jikoni? Mimi nikishangaa pamoja nao nitakuwa najifanya. Nyumba ngapi za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa anayeamka wa kwanza ni binti aliyeletwa kutoka kijijini, na jina lake wageni hawalijui, ni "dada" tu? Kuna mwaka mtoto mmoja, wazazi wake wa kwetu, alinyoosha mkono akasema kwa mjomba Dar kuna dada anafanya vyote hivyo. Mwalimu akanitazama. Nikamuuliza yule mtoto dada huyo anaitwa nani, akalijua jina. Nikamuuliza anaamka saa ngapi, akasema hajui, kwa sababu kila yeye akiamka anakuta chai tayari. Jioni mama yake alinipigia, hakufurahi, akaniuliza kwani mambo ya nyumbani kwa watu yameingiaje kwenye somo la historia. Nikamjibu kwa heshima kwamba somo lenyewe ni la mambo ya nyumbani kwa watu. Tunasalimiana mpaka leo.

Watoto wa dohani nawaeleza kwa uangalifu. Wavulana wadogo walipandishwa ndani ya mabomba ya moshi kukwangua masizi, na sheria ya 1840 ilikuwa imekataza, lakini nani aliifuata? Mwaka 1875 mvulana aliyeitwa George Brewster alikwama katika dohani la hospitali karibu na Cambridge, na kifo chake ndicho kilichompa Bwana Shaftesbury nguvu ya kupitisha sheria yenye meno. Kwa wa miaka 7 nasema alifariki. Kwa wa miaka 5 nasema aliumia sana, nikaweka mkazo kwenye sheria. Kuna walimu wanaoruka jambo hili kabisa na wengine wanaolifanya mchezo, watoto wakijipaka masizi usoni na kucheka. Hao wa masizi siwaelewi.

Sasa kuna jambo linalowahusu watoto wetu hasa. Kwenye sanduku la vitu ambalo makumbusho huazimisha shule, mna pasi za chuma kitupu, mbili mbili, moja ikipata moto jikoni nyingine inapiga kazi. Nilipoitoa, binti mmoja akasema bibi yake Korogwe ana pasi, ila ya bibi inatiwa mkaa ndani. Mwenzake akauliza, bila ubaya wowote: kwa hiyo bibi yako ni wa enzi ya Victoria? Darasa likacheka. Uso wa yule binti ukaanza kufunga.

Wakati kama huo mtu mzima ana sekunde chache tu. Nilimwita mbele, nikamwambia awafundishe. Akaeleza mkaa unavyowekwa, unavyopepewa mpaka uwe mwekundu, jivu linavyopulizwa lisiangukie nguo nyeupe, na bibi anavyoijaribu pasi kwa kidole kilicholowa, chwii. Wenzake wakataka waone kidole. Nikamuuliza kama bibi ana simu. Anayo, akasema, na mama humtumia pesa za M-Pesa humo. Basi nikawaambia kwamba bibi wa Korogwe anaishi leo, mwaka huu, na umeme ukikatika yeye nguo zake zimenyooka. Katika mstari wetu wa bibi na bibi mzaa bibi, yeye amesimama nafasi ya tatu. Wazazi, naombeni muwatayarishe watoto kwa hili. Vitu vingi watakavyoonyeshwa kama vya kale sana, kandili, karai, ubao wa kufulia, wamevikuta likizo wakitumiwa na watu wanaowapenda. Asipoambiwa mapema, mtoto anaweza kuondoka akidhani kwao ndiko zamani.

Makumbusho ninayoyapenda zaidi kwa somo hili yako York, ndani ya jela ya zamani. Yalifunguliwa 1938 kutokana na vitu vya daktari mmoja wa mashambani, John Kirk, aliyekuwa akikusanya vyombo vya kawaida ambavyo watu walikuwa wakivitupa, na mtaa mzima wa enzi ya Victoria uliojengwa humo ndani unaitwa Kirkgate kwa jina lake. Msimchanganye na Dkt. John Kirk wa Unguja, yule mwakilishi wa Uingereza aliyemkalia kooni Sultani Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Hao ni watu wawili tofauti, ingawa wote madaktari, na mara ya kwanza kusoma jina hilo ukutani nilisimama nikajiuliza huyu mtu alipata wapi muda.

Lakini Unguja imo ndani ya nyumba hizo hata bila Kirk. Karafuu iliyochomekwa kwenye paja la nguruwe la Krismasi, na mafuta ya karafuu ya kutuliza jino, kwa sehemu kubwa ya karne ile vilikuwa mazao ya Unguja na Pemba, mashamba yaliyolimwa na watumwa. Sandarusi, yaani utomvu mgumu wa mti, iliyochimbwa mrima, nyuma ya pwani yetu, ilipendwa sana kwa vanishi ya mabehewa na samani. Na kuna visu.

Visu nimeviacha mwisho makusudi, kwa kuwa Hannah Cullwick aliviandika. Chuma kisichoshika kutu kilikuja mwaka 1913, huko Sheffield, mji wa Uingereza wa watengeneza visu. Kabla ya hapo kila kisu cha mezani kilishika kutu na madoa, kikasuguliwa kila siku kwenye ubao wenye unga wa kusugulia. Na mpini mweupe haukutakiwa kuguswa na maji ya moto, ungepasuka au kugeuka manjano, kwa hiyo mtumishi alisimamisha visu kwenye jagi, makali ndani ya maji, mipini nje. Nawapa watoto vijiti vya mbao vyenye ncha iliyopakwa rangi nyeupe, wajaribu kuviosha bila kuilowesha ile nyeupe. Inachosha, na wanakasirika.

Kisha nawauliza mpini umetengenezwa na nini. Katika nyumba za kawaida, mfupa. Katika nyumba zilizojiweza, pembe ya ndovu. Hapo hakuna mtoto asiyenyamaza. Tunafungua ramani sakafuni na kunyoosha uzi mwekundu kutoka Ujiji hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, tunavuka hadi Unguja, ndipo kwa meli hadi Uingereza na kwa reli hadi Sheffield. Kipande cha bara kilitembewa kwa miguu, pembe begani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa malipo, na wengine kwenye njia hizohizo walikuwa watumwa. Yote mawili nayasema, kwa maneno mafupi. Watoto wanauliza pembe ina uzito gani. Nawapa ile ndoo ya maji, safari hii imejaa, nawaambia waibebe mpaka getini na kurudi, halafu tunahesabu ni mara ngapi wameiweka chini. Tukimaliza kuhesabu, kila mmoja anaandika jina lake kwenye karatasi ndogo na kuibandika pale kwenye uzi ambapo anadhani angechoka. Karatasi nyingi zinaishia Tabora. Yule mvulana wa kola alibandika yake Ujiji, akasema yeye angekataa kuondoka.